Dawa ya Mchezo

Mama alikunywa chupa nzima, na iliyokuwamo haikuwa dawa.

Ilikuwa dawa ya mchezo. Ilitengenezwa kwa ajili ya mwanamke mpiga upanga ambaye hayupo duniani, aliyejeruhiwa kwa mkuki ambao haujawahi kuwapo, ndani ya hadithi inayosimuliwa mezani na watu wazima wenye kazi zao. Ndani yake mlikuwa na bitiruti, tangawizi, pilipili, maganda ya ndimu, mnanaa na asali. Mtu mwenye tumbo zima ingemtoa jasho, basi. Mama, aliyeishi na vidonda vya tumbo tangu ujana wake, ilimlaza kwenye sakafu ya jikoni akitapika damu.

Maneno ya kwenye chupa aliyaandika binti yake mwenyewe. "Dawa ya kuponya. Kunywa yote kwa mara moja." Mama aliujua mwandiko. Binti alikuwa mfanyakazi wa duka la dawa, na kila dawa ya tumbo ilipoisha nyumbani, yeye ndiye aliyeleta nyingine katika chupa ya kahawia kama hiyo hiyo, akaiweka kwenye mlango wa friji. Tumbo lilipouma Jumapili ile, Mama alifungua friji, akasoma, akaamini, akatii.

Sasa ametoka hospitali, na alasiri hii familia imekaa sebuleni. Yupo Mjomba, kaka yake Mama, ambaye ndiye mwenye duka la dawa na ndiye anayelipa kodi ya nyumba tangu baba mtu alipofariki. Yupo Shangazi, dada wa huyo marehemu, ambaye hakuitwa lakini amefika kabla ya walioitwa.

Binti mwenyewe, nyumbani walimwita Mdogo. Watu wa mezani walimwita Sharubati, kwa sababu kazi yake dukani ilikuwa kuchanganya dawa za maji za watoto, na jina hilo ndilo alilolipenda. Yeye hakuwa sebuleni. Alikuwa getini anamsubiri mwanamume.

Mwanamume akaja kwa miguu. Shati lilikuwa limenyooshwa vizuri, lakini kucha zilikuwa za buluu. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi za magari. Ukimletea mlango uliokwaruzwa, atautazama juani, atautazama kivulini, kisha atakuchanganyia rangi ambayo hata mwenye gari hataona pale palipozibwa. Watu walimwita Fundi Rangi, na Sharubati alimwita Fundi tu.

"Buluu ya nani hiyo?" Sharubati akauliza.

"Ya mwalimu mmoja. Amegonga nguzo. Anasema nguzo ndiyo iliyomfuata."

Siku nyingine angecheka.

"Mama anaendeleaje?"

"Anakula uji. Hasemi na mtu."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye asiyesema naye kabisa."

Fundi alitazama mlango wa nyumba, kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Mjomba wako alinipigia simu asubuhi. Anasema kuna njia ya kulimaliza hili. Useme chupa niliileta mimi, maneno niliyaandika mimi, na wewe ukaiweka kwenye friji bila kujua kilichomo. Ukisema hivyo, unabaki dukani na unabaki nyumbani. Mimi napotea."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sawa."

Sharubati alimtazama usoni. Ulikuwa uso wa kawaida, wenye kovu dogo la cheche ya gereji chini ya jicho, na kwa muda mrefu sasa alikuwa akilala na kuamka nao kichwani.

"Umekubali kuniacha kwa simu?"

"Nimekubali usifukuzwe."

"Mimi sioni tofauti."

"Mimi sina cha kupoteza, Sharubati. Kule gereji hawaulizi nimemlisha nani nini, mradi rangi ifanane. Wewe una mama, una kazi, una mahali pa kulala."

"Una mimi wa kupoteza," akasema. "Au mimi sihesabiwi?"

Fundi akaingiza mikono mifukoni.

"Ingia ndani," Sharubati akamwambia. "Na ukiulizwa, jibu ulichoulizwa. Usijibu kwa ajili yangu."

Kujua ni kitu gani hasa kilichotaka kupotea alasiri ile, lazima uijue meza.

Kila Jumapili gereji ikifungwa, watu watano walikaa kule nyuma katikati ya makopo ya rangi, wakacheza mchezo wa maneno na dadu. Kila mmoja alikuwa mtu mwingine. Muuza nyama alikuwa mchawi mzee mwenye ndevu mpaka magotini. Mshona nguo, mwanamke mnene mcheshi, alikuwa mwizi anayetembea juu ya paa bila kusikika. Dereva wa lori alikuwa mpiga mishale, na mara nyingi alisinzia. Sharubati alikuwa mpiga upanga. Fundi Rangi alikuwa msimulizi, maana yake yeye ndiye alikuwa kila kitu kingine: joka, mvua, mlango uliokataa kufunguka. Ukipigwa unapungukiwa nguvu, na nguvu zikiisha umekufa. Usipotaka kufa, unakunywa dawa ya kuponya.

Kwingine wanakocheza mchezo huo, mtu anasema "nakunywa," anarusha dadu, safari inaendelea. Meza ya Fundi ilikuwa na sheria yake. Dawa haikuponyi mpaka useme inafananaje na ina ladha gani. Wenzako wakikuamini, wanasema, "Imeshuka." Wasipokuamini wanasema, "Tema," na wewe unaendelea kuvuja damu.

Sheria hiyo ndiyo iliyomuua mchawi wa muuza nyama. Aliulizwa dawa yake ikoje, akajibu bila kufikiri, "Nyekundu. Tamu. Kama soda iliyoachwa juani."

"Tema," wakasema wote, na dereva akaamka ili naye aseme.

"Mchawi wangu ana miaka mia tatu. Hawezi kufa kwa sababu ya soda."

"Ndiyo anakufa hivyo," mshona nguo akamwambia. "Poleni kwa msiba."

Mshona nguo mwenyewe aliponea chupuchupu. Dawa yake ilikuwa nyeupe na nzito kama maji yaliyochemshiwa mchele, na ladha yake ilikuwa ile ya kidole ulichojichoma sindano ukakitia mdomoni haraka. Hiyo ilishuka.

Kisha ikawa zamu ya Sharubati, aliyekuwa amepigwa mkuki ubavuni.

"Chupa unayo mkononi," Fundi akamwambia. "Ikoje?"

"Si nyekundu."

"Dawa ya kuponya ni nyekundu. Kila mtu anajua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya damu."

"Mtu aliyetoka kuiona damu yake imemwagika chini hataki tena kuinywa," Sharubati akasema.

Muuza nyama akaguna. Fundi akaweka dadu chini. "Haya. Endelea."

"Ni chungu kwanza. Watoto dukani ukiwapa kitu kitamu moja kwa moja, wanakutazama kama unawadanganya. Tamu ni ya kubembeleza. Uchungu ndio unaokwambia kazi imeanza. Halafu linakuja joto. Linashuka polepole, unajua limefika wapi. Likifika penye jeraha linakaa, kama mtu anavyokuja kukaa kitandani pako ukiwa unaumwa, hasemi kitu, yupo tu. Halafu mwisho kabisa, baridi kidogo. Kama kufungua mlango asubuhi. Hapo ndipo unajua hutakufa."

Fundi alikuwa anamtazama kama alivyotazama rangi ya gari asiyoijua, uso umeinama kidogo, anaogopa kupepesa macho asije akaipoteza.

"Imeshuka," akasema, taratibu, peke yake.

Sheria ilitaka meza nzima iseme. Hakuna aliyeikumbuka sheria.

Jumapili iliyofuata Fundi alikuja na kinywaji cha kweli ndani ya glasi. Kilikuwa cha kijani, kimetulia. Ukiinamisha glasi, uzi mwekundu ulipanda kutoka chini, ukajizungusha, ukapotea. Alikuwa ameficha bitiruti ndani ya asali chini kabisa, na juu yake maji ya mnanaa.

"Kuna rangi za magari zinazobadilika ukilizunguka gari," akamweleza Sharubati, akiona haya mbele ya wenzake. "Nikafikiri dawa nayo ibadilike ukiishika. Ili ujue imekutambua."

Sharubati akaonja. Wote wakasubiri.

"Macho imeyapata," akasema. "Ulimi bado. Uchungu wako unachelewa kama mgeni wa heshima."

Hapo ndipo walipoanza kugombana, na ule ugomvi ndio uliokuwa uchumba wao. Waligombana kwa simu Sharubati akiwa anafunga duka. Waligombana wamesimama kwenye mlango wa gereji, mmoja ameshika kopo, mwingine ameshika mkoba. Tangawizi inapiga puani, inatakiwa kupiga kifuani. Pilipili ikae nyuma, isionekane, kama mtu anayemsukuma mwenzake jukwaani. Maganda ya ndimu yachemshwe au yasichemshwe. Fundi akarekebisha rangi, Sharubati akarekebisha ladha, mpaka haikuwa rahisi kusema dawa ni ya nani. Muda wote huo hakuna aliyemwambia mwenzake neno la mapenzi. Walikuwa na shughuli.

Chupa zilitoka dukani kwa Mjomba. Sharubati alichukua zile zilizobaki tupu, na kwa mazoea ya mkono wake akabandika karatasi na kuandika maelezo kama anavyowaandikia wagonjwa. Muuza nyama alicheka mpaka akashika mbavu. Ile chupa ya mwisho ndiyo waliyoipata sawasawa. Fundi alipika, yeye akaonja, wakatazamana, hawakuwa na la kubishania. Sharubati akaipeleka nyumbani kuihifadhi kwenye baridi mpaka alasiri ya mchezo. Akaiweka pale mkono wake ulipozoea kuweka chupa.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema alipoingia sebuleni.

Mama alikuwa amelazwa kwenye kochi refu, mto mgongoni, shuka mpaka kifuani. Amepungua. Alimwangalia huyo mwanamume kwa muda wa kutosha kumfanya ajute kusalimia.

"Marahaba."

"Shikamoo, mzee."

Mjomba hakuitika. Shangazi aliitika mara mbili, kama vile anaitika na ya Mjomba, kisha akasogea ili Fundi apate pa kukaa na yeye apate pa kumwona vizuri.

"Kumbe ndiye huyu," Shangazi akasema. "Nilidhani ni mtu mrefu."

"Dada, tafadhali," Mjomba akamkatiza. Alikuwa mtu wa maneno machache, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Sharubati alifundishwa kazi yote na yeye, tangu kusoma mwandiko wa madaktari mpaka kumkatalia mteja anayelia. "Tusizunguke. Kijana, tumeongea asubuhi."

"Ndiyo, mzee."

"Basi sema mbele ya mama yake, tumalize."

Fundi akamtazama Sharubati, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono miwili kwenye mgongo wa kiti.

"Mzee, niliahidi kujibu nitakachoulizwa tu," akasema.

"Ulimwahidi nani?"

"Mimi," Sharubati akasema. "Mjomba, chupa ni ya dukani kwako, niliichukua mimi. Maneno niliyaandika mimi. Kwenye friji niliiweka mimi, na kilichomo nilikijua, kwa sababu nilikionja kabla ya Mama. Yeye alipika. Hakujua kama ninaiweka kwenye friji ya Mama, na hakujua kama Mama ana vidonda, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Huo ndio ukweli. Mwingine haupo."

Mjomba alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeona mteja anarudisha dawa iliyokwisha kufunguliwa.

"Mdogo, nilikuwa nimekutengenezea mlango."

"Niliuona, Mjomba. Asante. Siwezi kuupita nikimkanyaga mtu."

"Mtu!" Shangazi akapiga makofi mara moja. "Mwanamke amelazwa kwa ajili ya mchezo wa watoto, na bado kuna mtu wa kutokanyagwa. Hebu niambieni vizuri, maana mimi ni mjinga. Watu wazima mnakaa, mnajifanya mmechomwa mikuki, mnapona kwa sharubati?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na hamna homa?"

Fundi alikuwa anatazama vidole vyake.

Ndipo Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika tangu mipira ya hospitali iliyopitishwa kooni.

"Wewe. Fundi."

"Naam, mama."

"Mlikuwa mnatengeneza kitu gani hasa? Usiniambie mchezo. Kile kitu chenyewe."

Fundi angeweza kuomba msamaha hapo, akapata sifa rahisi. Alikuwa ameambiwa ajibu alichoulizwa.

"Tulikuwa tunatafuta dawa ya mtu anayekufa, mama. Siyo ya kweli. Ila tulitaka mtu akiinywa aamini. Ianze na uchungu, ili usidhani unabembelezwa. Kisha joto linalotembea mpaka penye jeraha. Halafu mwisho baridi kidogo. Rangi yake nilifanya mimi. Ladha alifanya yeye."

Mama akajishika tumbo.

"Uchungu niliusikia," akasema. "Nikasema moyoni, leo mwanangu ameniletea dawa kweli, siyo zile za chaki. Kisha joto likaja. Lilikuwa zuri. Nisidanganye, lilikuwa zuri. Nikashika meza, nikasema, linashuka, linafika. Nikamalizia chupa. Halafu joto likageuka moto."

"Na ile baridi ya mwisho?" Fundi akauliza. Neno lilimtoka kabla hajalishika, kama fundi yeyote anayeuliza kazi yake. "Uliisikia?"

Mjomba alinyanyuka nusu kutoka kitini.

"Sikuifikia," Mama akamjibu. "Nilikuwa sakafuni."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Sikutakiwa kuuliza."

"Umeuliza kwa sababu ulitaka kujua. Wote waliokuja kunitazama hospitali wameniuliza kama naendelea vizuri, na hawakutaka kujua." Mama akageuza uso polepole kwa binti yake. "Na wewe. Unamtaka huyu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kumtaka wa namna gani?"

"Wa kuolewa naye."

"Amekuposa?" Shangazi akaruka.

"Bado."

"Bado!" Shangazi akamgeukia Fundi. "Kijana, unasikia? Unaolewa wewe hapa."

Fundi alikuwa ameganda, lakini masikio yake yalibadilika rangi kwa namna ambayo hata yeye asingeweza kuichanganya. "Nasikia, shangazi," akasema. "Nami nataka. Nilikuwa natafuta siku nzuri. Hii siyo niliyokuwa naitafuta, lakini nataka. Leo, kesho, na mkinifukuza nitakuja na wazee wangu nifukuzwe nao."

Mjomba akarudi kukaa. Aliongea na Sharubati kwa upole, na upole huo ulimwumiza kuliko ukali.

"Duka la dawa halina kitu kingine ila kuaminika, Mdogo. Mtu anakuja anaumwa, anasoma kilichoandikwa, anameza. Hafungui kuangalia. Mtu aliyeandika uongo kwenye chupa yangu, hata kwa utani, siwezi kumweka nyuma ya kaunta. Ungesema ni yeye, ningeweza kujidanganya. Sasa umenifunga mikono."

"Najua, Mjomba."

"Na nyumba hii naitunza kwa ajili ya dada yangu apone. Siwezi kumwacha alale chini ya paa moja na jambo hili kila siku."

"Najua hilo pia."

"Bado unaweza kusema nilikosea kusikia."

Sebule yote ilimsubiri. Sharubati alimtazama Mjomba, aliyemfundisha kazi. Akamtazama Mama. Hakumtazama Fundi, kwa sababu kumtazama kungemrahisishia, na yeye hakutaka jambo hili liwe rahisi akaja kujidanganya baadaye kwamba hakulichagua.

"Umesikia vizuri, Mjomba," akasema.

Mama akajivuta juu ya mto. "Huyo mwanamume sina neno naye. Alipika kitu cha mchezo, kikanywewa na mtu asiyemjua. Akileta wazee wake watapewa viti." Akanyamaza mpaka Sharubati akaanza kupata matumaini. "Wewe ni tofauti. Nikikuona umeshika chupa, mwili wangu unakataa. Sijaupangia. Unakataa wenyewe. Kuanzia leo dawa zangu atanipa wifi yangu."

"Mimi?" Shangazi akauliza.

Sharubati alipiga magoti kando ya kochi. "Mama."

"Nimekusikia ukisema kweli, nimefurahi. Lakini kweli haijanitibu tumbo, mwanangu. Inuka, ukafungashe vitu vyako kabla jua halijazama."

Fundi alimsubiri nje. Alimpokea begi kubwa, akamwachia dogo. Walitembea mpaka mwisho wa ukuta wa nyumba.

"Sikuwa nimekuposa," Fundi akasema hatimaye.

"Ulikuwa unachelewa. Kama uchungu wako."

"Ungeweza kunitupia lawama, nami ningezibeba. Nilizibeba tayari."

"Ndiyo maana sikukutupia. Ungezibeba vizuri, kila mtu angekusifu, mimi ningebaki na duka na kukukumbuka." Akasimama, akamgeukia. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imenyooka. "Sikiliza, Fundi. Sijaja kwako kwa kufukuzwa. Usije ukafikiri hivyo siku tukigombana. Nilikuwa na milango miwili na nimepita huu. Lala na hilo neno, uamke nalo."

"Nitaamka nalo."

"Basi shika begi vizuri, linakuponyoka."

Wazee wa Fundi walikwenda, wakapewa viti, wakakubaliwa. Hakuna aliyewafukuza.

Na gharama ni hii. Kazi imekwenda, na Mjomba amemweka mtu mwingine kaunta, binti mwepesi wa kujifunza, na hampigii tena Sharubati simu kumwuliza mwandiko wa daktari unasema nini. Chumba alichokulia kimekwenda. Mpaka siku ya harusi alilala kwa mshona nguo, kwenye godoro katikati ya vitambaa vya wateja, na kila asubuhi aliamka na nyuzi nywelini. Meza ya Jumapili imekufa. Walijaribu mara moja bila vinywaji, muuza nyama akapigwa mshale, akaulizwa dawa yake ikoje, akasema hawezi, na hakuna aliyemlazimisha.

Mama amepona. Sharubati akienda kumtembelea, Mama humsogezea nafasi kwenye kochi, humwuliza amekula nini, humcheka kwa kumpikia mume wa watu chakula chenye chumvi nyingi. Lakini saa ya dawa ikifika, Mama humwita Shangazi. Sharubati huinuka, hutoka nje, husimama barazani mpaka aambiwe Mama ameshameza.